Maradhi ya misuli, mifupa na viungo: yanayojadiliwa katika makongamano ya vyuo vikuu na maana yake kwa mwananchi

Kila mwaka, kati ya tarehe 12 na 20 Oktoba, hospitali na vyuo vikuu katika nchi nyingi huadhimisha juma la mifupa na viungo. Katika siku hizo, na katika nyakati nyingine za mwaka, madaktari wa upasuaji wa mifupa, wataalamu wa fiziotherapia, wauguzi na wanafunzi wa utabibu hukutana kuwasilisha tafiti zao na kuzihoji. Mwananchi hupata habari fupi: kongamano limefunguliwa, mgeni rasmi amehutubia, wajumbe wamepiga picha ya pamoja. Kilichojadiliwa ndani ya ukumbi mara nyingi hubaki humo humo. Makala haya yanaeleza mambo makuu yanayojadiliwa katika mikutano ya namna hiyo, hasa yale yaliyotokana na tafiti zilizofanyika hapa Tanzania, na yanavyomgusa mtu mwenye goti linalouma au kijana aliyeanguka na pikipiki.

Mkutano ambao wataalamu huutaja kuwa chimbuko la harakati hizi ulifanyika mwezi Aprili 1998 katika mji wa Lund, kusini mwa Sweden, mji wenye chuo kikuu cha siku nyingi. Mwenyeji wake alikuwa Profesa Lars Lidgren, daktari wa upasuaji wa mifupa. Wajumbe walipendekeza kwamba miaka ya 2000 hadi 2010 iwe Muongo wa Mifupa na Viungo. Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa wa wakati huo, Kofi Annan, aliunga mkono pendekezo hilo mwezi Novemba 1999, na tarehe 13 Januari 2000 muongo huo ukazinduliwa rasmi mjini Geneva, katika makao makuu ya Shirika la Afya Duniani (WHO).

Hoja iliyowakutanisha Lund inaeleweka kwa urahisi. Kwa muda mrefu serikali na wafadhili walipanga vipaumbele vya afya kwa kutazama vifo. Malaria inaua, kifua kikuu kinaua, uzazi usio salama unaua. Ilikuwa haki magonjwa hayo yatangulie. Lakini mgongo hauui. Mkulima anayeshindwa kuinama kupanda mahindi kwa sababu ya maumivu ya kiuno haonekani katika daftari la vifo, hata akiishi na maumivu hayo miaka 30. Ni katika miaka ya 1990 ndipo watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, wakishirikiana na WHO na Benki ya Dunia, walipoeneza kipimo kinachojumlisha miaka inayopotea kwa kifo cha mapema na miaka ambayo mtu huishi akiwa na ulemavu au maumivu. Kipimo hicho kilipotumika, maradhi ya misuli, mifupa na viungo yalipanda ghafla katika orodha ya matatizo ya afya duniani. Hayakuwa yameongezeka siku hiyo. Yalikuwa yameanza kuhesabiwa.

Kwa hesabu za WHO, watu wapatao bilioni 1.71 duniani wana tatizo la namna hii, na kundi zima linajumuisha hali zaidi ya 150. Maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo peke yake ndiyo yanayoongoza kwa kusababisha ulemavu katika nchi 160. Kusagika kwa gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa mahali inapokutana, kulikadiriwa kuwapata watu milioni 528 mwaka 2019, wengi wao wakiwa wanawake na watu waliovuka umri wa miaka 55.

Takwimu za dunia, hata hivyo, hujengwa juu ya tafiti za nchi moja moja, na kwa Afrika tafiti hizo zilikuwa chache sana. Pale ambapo hapakuwa na kipimo, wanahisabati walikadiria kwa kuazima tarakimu za kwingineko. Ndiyo maana vyuo vikuu vyetu vina kazi ambayo haiwezi kufanywa kwa niaba yao.

Baridi yabisi ni ugonjwa gani?

Ugumu wa kwanza ni wa lugha. Kiswahili kina maneno ya siku nyingi kwa maradhi haya. Jongo ni ule ugonjwa wa kifundo au kidole gumba cha mguu kinachovimba na kuwaka moto ghafla, unaotokana na chembe za asidi ya yuriki kujikusanya katika kiungo. Matege ni miguu ya mtoto iliyopinda. Lakini neno linalotumika zaidi, baridi yabisi, halitaji ugonjwa mmoja. Limetoka katika utabibu wa kale uliofika pwani yetu pamoja na elimu ya Waarabu, ambamo mwili ulielezwa kwa joto na baridi, unyevu na ukavu. Yabisi ni kavu. Leo bibi wa miaka 70 ambaye gegedu ya goti lake imesagika, na mama wa miaka 35 ambaye kinga ya mwili wake inashambulia viungo vya vidole vyake, wote wawili huambiwa nyumbani kwamba wana baridi yabisi. Tiba zao ni tofauti kabisa, na kwa huyu wa pili kila mwaka unaopita bila tiba sahihi unaweza kuacha vidole vikiwa vimepinda kwa kudumu.

Tatizo hili lilikabiliwa na utafiti uliofanyika katika Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, kwa ushirikiano wa watafiti wa KCMC, Moshi, na Chuo Kikuu cha Glasgow cha Scotland. Badala ya kuwasubiri wagonjwa hospitalini, watafiti walikwenda kwenye kaya. Pamoja na waganga walikuwamo wataalamu wa uchumi wa afya na wa sayansi ya jamii, kwa kuwa swali halikuwa tu ni wangapi wanaumwa, bali pia maumivu hayo yanaigharimu kaya kiasi gani na watu wenyewe wanayaelewaje.

Uchunguzi wa awali uliotumika ni mfupi na haukuhitaji mashine. Mtaalamu hutazama mwendo, mikono, miguu na uti wa mgongo, baada ya kuuliza maswali matatu: je, una maumivu au ukakamavu wowote katika misuli, viungo au mgongo? Je, unaweza kuvaa nguo zako zote bila shida? Je, unaweza kupanda na kushuka ngazi bila shida? Uchunguzi huo ulibuniwa Uingereza, na msomaji wa hapa ataona mara moja kasoro ya swali la tatu. Ngazi zina uzito gani kwa mtu ambaye nyumba yake haina hata kidaraja kimoja? Kipimo cha goti kijijini ni kuchuchumaa: chooni, jikoni, shambani. Kazi ya kuoanisha vipimo kama hivyo na maisha ya watu, pamoja na kuvitafsiri kwa Kiswahili kinachoeleweka, haina mvuto wa habari za ukurasa wa kwanza, lakini bila hiyo takwimu zitakazopatikana zitakuwa za watu wasiokuwapo.

Yafaa kukumbuka kwamba Tanzania iliwahi kuupa ulimwengu jina la ugonjwa wa viungo. Mwaka 1952 na 1953 homa ya ajabu iliikumba nyanda ya juu ya Wamakonde, Newala, na kuwaacha watu na maumivu makali ya viungo kiasi cha kutembea wakiwa wamejikunja. Wataalamu Marion Robinson na W. H. R. Lumsden waliieleza katika maandishi ya kitabibu mwaka 1955, na jina walilolichukua kutoka kwa wenyeji, chikungunya, linatokana na kitenzi cha Kimakonde chenye maana ya kujikunja. Ugonjwa huo, unaoenezwa na mbu, sasa umefika katika mabara kadhaa, na baadhi ya wanaoupata hubaki na maumivu ya viungo kwa miezi mingi baada ya homa kuisha.

Mfupa uliotoboa ngozi

Kama kuna eneo ambalo utafiti wa Tanzania umewafaa madaktari wa nchi nyingine, ni matibabu ya mfupa wa muundi uliovunjika na kutokeza nje. Mfupa huu mkubwa wa chini ya goti una nyama kidogo sana upande wa mbele. Mtu akigongwa na gari au kuanguka na bodaboda, ncha yake hutoboa ngozi kwa urahisi. Hapo vumbi na vijidudu vya barabarani huingia moja kwa moja mahali ambapo damu haifiki vizuri. Waathirika wengi ni vijana wanaotegemewa na familia. Mguu ukiambukizwa, matibabu yanaweza kuchukua miaka, na wakati mwingine huishia katika kukatwa.

Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), iliyoanzishwa kwa Sheria ya Bunge Namba 7 ya mwaka 1996, ndiyo hupokea majeruhi wengi wa aina hii jijini Dar es Salaam. Madaktari wake walikuwa na njia mbili kuu. Ya kwanza ni kufunga fremu ya nje: misumari ya chuma hupitishwa katika ngozi hadi kwenye mfupa, kisha huunganishwa kwa nondo inayokaa nje ya mguu. Ya pili ni kupitisha fimbo ya chuma ndani ya uwazi wa mfupa wenyewe, kutoka juu hadi chini, na kuifunga kwa skrubu. Katika nchi tajiri fimbo ya ndani ndiyo huteuliwa kwa sehemu kubwa ya majeraha haya. Lakini wagonjwa wa huko hufikishwa hospitalini mapema na majeraha husafishwa mapema. Je, matokeo yangekuwa yale yale pale ambapo mgonjwa amechelewa na vitanda vya upasuaji vinagombaniwa? Wapo waliohofia kwamba kuweka chuma ndani ya mfupa uliochafuka ni kualika maambukizi.

Watafiti wa MOI na wenzao wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, waliamua kulijibu swali hilo kwa njia yenye uzito kuliko zote katika tiba: kuwagawa wagonjwa kwa bahati nasibu. Wagonjwa 240 waliingia katika utafiti. Baadhi walipata fremu ya nje, wengine fimbo ya ndani, nao wakafuatiliwa kwa mwaka mmoja. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020 katika jarida la upasuaji wa mifupa na viungo la Marekani.

Kwa kipimo kikuu, yaani kifo au kulazimika kurudiwa upasuaji kwa sababu ya maambukizi, mfupa kutounga au kuunga vibaya, haikuonekana tofauti ya kitakwimu kati ya makundi mawili. Msomaji wa haraka anaweza kudhani kwamba utafiti haukugundua kitu. Uligundua kitu kikubwa: ile hofu kwamba fimbo ya ndani ingeleta madhara zaidi katika mazingira yetu haikuthibitika. Zaidi ya hapo, waliowekewa fimbo walikuwa na hali bora ya maisha katika wiki 6 za mwanzo, mifupa yao ilionyesha dalili bora za kuunga katika picha za eksirei, na ni wachache zaidi kati yao ambao mguu ulikuwa umepinda baada ya mwaka. Mtu asiye na nondo ubavuni mwa mguu huvaa suruali, hupanda daladala na hulala bila kuhofia kugonga chuma. Mambo haya ni madogo kwenye jedwali la takwimu, si madogo kwa mwenye mguu.

Fimbo nyingi za aina hiyo zinazotumika katika nchi zenye kipato kidogo hutoka kwa shirika la hisani la SIGN la Marekani, lililoanzishwa na daktari Lewis Zirkle mwaka 1999. Zimebuniwa ili daktari aweze kulenga matundu ya skrubu kwa kutumia mkono wa chuma unaofungwa nje, bila kuhitaji mashine ya eksirei ndani ya chumba cha upasuaji. Hospitali hupewa vifaa vipya kadiri inavyotuma taarifa za wagonjwa iliowahudumia. Utaratibu huo, uliowekwa kwa ajili ya kusimamia vifaa, umejenga pia kumbukumbu kubwa ya kitafiti.

Kazi hiyo haikuishia hapo. Katika taasisi hiyo hiyo umefanyika pia utafiti wa kuweka antibiotiki ya gentamisini moja kwa moja katika jeraha la mfupa uliotokeza, ili dawa iwe nyingi mahali panapohitajika badala ya kutegemea damu iipeleke. Dawa hiyo ni ya zamani na bei yake ni nafuu, jambo linaloufanya utafiti wa namna hii kuwa na maana hata kwa hospitali ya wilaya.

Kwa mwananchi, somo la tafiti hizi liko katika saa za kwanza. Miongozo ya kimataifa inashauri mgonjwa wa mfupa uliotoboa ngozi apewe antibiotiki mapema iwezekanavyo, ikiwezekana ndani ya saa moja, pamoja na kinga ya pepopunda. Aliyeko eneo la ajali afunike jeraha kwa kitambaa safi, abane panapotoka damu, aufunge mguu kwa banzi kama ulivyo, na asijaribu kuurudisha mfupa ndani. Wako waunga mifupa wa jadi wanaoaminiwa katika jamii nyingi, na kuwapuuza si jambo la busara. Lakini mfupa uliotokeza nje si wao wa kuushughulikia, na banzi lililokazwa mno huweza kuzuia damu hadi mguu ukaoza. Vidole vikianza kufa ganzi, kupauka au kuwa vya baridi, banzi lilegezwe mara moja na mgonjwa apelekwe hospitalini.

Watoto na wazee

Takriban mtoto mmoja kati ya 1,000 huzaliwa akiwa na unyayo uliopinda kwa ndani. Njia iliyobuniwa na Profesa Ignacio Ponseti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, hunyoosha unyayo huo taratibu kwa plasta ngumu, ile ambayo wengi huiita hogo, inayobadilishwa kila wiki. Mara nyingi hufuatiwa na kukatwa kidogo kwa kano ya kisigino. Kisha mtoto huvaa viatu maalumu vilivyounganishwa kwa kipande cha chuma, hasa usiku, hadi afikie umri wa miaka 4 hivi. Hatua hii ya mwisho ndiyo wazazi wengi huiacha, kwa sababu mguu unaonekana umekwisha kupona, na unyayo hurudi kupinda. Katika mikoa ya Arusha na Kilimanjaro hujadiliwa pia madini ya floraidi katika maji, ambayo yakizidi kiwango cha WHO cha miligramu 1.5 kwa lita huharibu meno na, yakizidi sana kwa miaka mingi, hukaza mifupa na kuipinda. Watoto wenye selimundu nao huweza kupoteza kichwa cha mfupa wa paja kwa kukosa damu. Mtoto wa selimundu anayechechemea hapaswi kusubiri.

Kwa watu wazima, jambo linalowasumbua wataalamu ni dawa za maumivu zinazonunuliwa bila cheti. Diklofenaki ikitumiwa kwa muda mrefu bila usimamizi hudhuru tumbo na figo. Predinisoloni huondoa maumivu ya viungo haraka kiasi kwamba mgonjwa huiamini kuliko daktari, kumbe huku nyuma inapunguza uimara wa mifupa. Dalili za kutofautisha zinafahamika. Kiungo kinachouma zaidi baada ya kazi na kutulia kwa mapumziko mara nyingi kimesagika gegedu. Hapo mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja na kupunguza uzito husaidia kuliko wengi wanavyodhani. Vidole vinavyoamka vimekakamaa kwa zaidi ya nusu saa kila asubuhi, pamoja na uvimbe wa mikono yote miwili, vinahitaji kuchunguzwa mapema, kwa kuwa zipo dawa za kuzuia uharibifu. Moja kati ya hizo, methotreksati, imo katika orodha ya dawa muhimu ya WHO, nayo kwa maradhi ya viungo humezwa mara moja kwa wiki. Kuimeza kila siku ni hatari kubwa.

Misuli nayo hupungua kwa umri, na kasi ya kupungua hutegemea inavyotumika. Miongozo ya WHO ya mwaka 2020 inataka watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki na kuimarisha misuli angalau siku 2. Kwa waliofikisha miaka 65, yaongezwe mazoezi ya kulinda mhimili wa mwili siku 3 kwa wiki, ili kupunguza kuanguka.

Anayeombwa kushiriki katika utafiti

Utafiti wa tiba kwa binadamu nchini hauanzi bila kibali cha maadili, ikiwa ni pamoja na cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR). Anayeombwa kushiriki ana haki ya kuelezwa kwa lugha anayoielewa, kukataa, na kujitoa wakati wowote bila matibabu yake kuathirika. Upande wa pili wa makubaliano hayo ni kurudi kliniki. Katika utafiti wa muundi uliotajwa, zaidi ya asilimia 90 ya washiriki walifuatiliwa hadi mwisho wa mwaka, kiwango ambacho si rahisi kufikiwa popote.

Nje ya utafiti, wengi huacha kurudi mara tu wanapoweza kutembea. Nauli ni ghali na foleni ni ndefu. Kwa ajili yao, watafiti wa Dar es Salaam na wenzao walichapisha mwaka 2019 kipimo cha mfupa wa paja uliovunjika ambacho hakihitaji eksirei. Mgonjwa anaombwa achuchumae na atabasamu. Mtazamaji huangalia amefika chini kiasi gani, kama ameshika kitu ili asianguke, na kama uso wake unaonyesha maumivu. Picha ya tukio hilo inaweza kupigwa kwa simu nyumbani na kumfikia daktari siku hiyo hiyo.